Salongo, amande na shimo la takataka: namna muji wa Bukavu ulivyopambana na uchafu

Wazee wetu wanapokaa pamoja Jumapili jioni, hawakosi kusema kwamba zamani Bukavu ilikuwa safi. Wanataja maua ya avenyu kubwa, mitaro iliyozolewa, na amande aliyolipishwa mtu kwa kutupa ganda la ndizi barabarani. Vijana wakiwasikia wanacheka, maana wao wamekuta muji ambao mto Kawa unateremsha chupa za plastike kuliko mayi. Sisi tunaoandika kurasa hizi tuko katikati ya hao wote wawili: tulikuta mwisho wa usafi ule, na takataka za leo ni zetu pia. Ndiyo maana tumeona vema kuuliza swali lisiloulizwa sana. Muji ulipokuwa safi, ulikuwa safi kwa nani, na takataka zilikwenda wapi?

Tuanzie mbali kidogo, mbele ya Wazungu kufika. Jina lenyewe Bukavu, kama wengi wanavyoeleza, linatoka katika neno la Mashi «bunkafu», yaani mahali pa ngombe. Ni muji uliozaliwa juu ya malisho. Katika kaya ya Mushi, mama au binti alifagia uwanja alfajiri, na alichokifagia hakukitupa: alikipeleka. Majivu ya jikoni, maganda ya viazi na ya ndizi, majani yaliyofunika chakula, mavi ya ngombe na ya mbuzi, vyote vilikwenda chini ya migomba karibu na nyumba. Mugomba ulikula, ukatoa ndizi. Ndizi zikatoa kasiksi. Maganda yakarudi chini ya mugomba. Uchafu ulikuwa na mwenyewe, na ulikuwa na mahali pa kwenda. Tena mavi ya ngombe yalikuwa mali, si uchafu hata kidogo.

Hatusemi kwamba mababu zetu walikuwa malaika. Hawakuwa na sashe, wala chupa ya plastike, wala betri ya radio. Kila walichotupa, udongo uliweza kukimeza. Lakini tushike jambo hili moja, maana litatusaidia mbele: kwao fagio na shimo vilikwenda pamoja. Hakuna aliyefagia bila kujua anapeleka wapi.

Kituo cha Wabelgiji kilianza hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1927 kilipewa jina la Costermansville. Jina Bukavu lilirudishwa katika miaka ya 1950. Muji ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa kwenye zile rasi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, Muhumba, Nguba, Nyalukemba na nyingine, penye upepo na bustani. Waafrika walipewa Kadutu, na baadaye Bagira. Sheria ya mwaka 1931 ilikuwa imeunda vile vituo vya watu waliotoka katika utawala wa kimila, na mwaka 1952 likaundwa shirika la kujenga miji ya Waafrika, Office des Cités Africaines, lililojenga nyumba za matofali za Bagira ambazo mpaka leo zinajulikana kwa umbo lake.

Usafi wa wakati ule, basi, ulikuwa na sura mbili. Huko chini, penye Wazungu, wazee wanasimulia kwamba wafungwa na vibarua ndio waliofagia na kuzoa. Mzungu hakushika fagio. Huku juu, mukaguzi wa usafi aliingia parseli kwa parseli. Alitazama choo, alitazama mutaro, alitazama kama kuna kopo lililoshika mayi ya mvua ambamo mbu watazaa. Akikuta kosa aliandika, na aliyeandikwa alilipa au alikwenda kufungwa. Kwa wazazi wetu wengi hivyo ndivyo neno «amande» lilivyoingia nyumbani, kabla hata ya neno «kura».

Na neno kura lenyewe lilichelewa. Sheria ya tarehe 26 Machi 1957 ilipanga miji mikubwa katika komini zenye burgumestre na baraza. Leopoldville, Elisabethville na Jadotville zilipiga kura mwishoni mwa mwaka huohuo. Bukavu ilingoja mpaka 1958. Kwa mara ya kwanza watu wa Kadutu na wa Bagira walichagua wenzao wa kusema juu ya barabara zao, soko lao na mitaro yao. Baraza hizo zilikuwa changa bado wakati gavana mkuu alipotoa, tarehe 28 Juni 1959, ordonansi namba 74-345 juu ya usafi wa watu wote katika miji. Ndiyo inayomwamuru kila mwenye kukaa katika parseli kuitunza, na inayokataza kutupa uchafu barabarani na kuacha mayi yalale. Mwaka mmoja na siku mbili baadaye, Kongo ilikuwa huru. Wabelgiji walikwenda, ordonansi ikabaki. Mpaka miaka yetu hii imekuwa ikitajwa wakati mutu anapoandikiwa kosa la uchafu, na wengi wanaoandikiwa hawajui kwamba imewazidi umri.

Hapa tuombe ruhusa ya kupita Ulaya kidogo, kwa sababu ya neno moja. Sote Bukavu tunasema «pubele». Mtoto asiyejua Kifaransa hata kidogo anajua pubele. Lakini Poubelle lilikuwa jina la mutu. Eugène Poubelle alikuwa mkuu wa wilaya ya Seine, yaani Paris, na tarehe 24 Novemba 1883 alitoa amri kwamba kila mwenye nyumba ya kupangisha awawekee wapangaji wake vyombo vyenye kifuniko vya kutilia takataka. Alitaka hata zitengwe: zinazooza peke yake, karatasi na matambara peke yake, vigae vya sahani na chupa peke yake. WaParis walikasirika, wakachukua jina lake na kulibandika kwenye lile kopo. Hilo watu wanalijua. Wanalolisahau ni kwamba ile amri ilikuwa na gari nyuma yake. Kila asubuhi mukokoteni ulipita, ukachukua, ukaenda kumwaga mbali. Kwetu lilifika jina la yule bwana, na amande yake ilifika. Mukokoteni ndio uliobaki njiani.

Baada ya uhuru, na fujo za miaka ya kwanza, akaja Mobutu na salongo. Ilikuwa katika miaka ya 1970. Neno ni la Kilingala, na wengi waliliunganisha na safari aliyofanya Uchina mwaka 1973, alikoona watu wengi wakifanya kazi pamoja kwa wimbo. Komini zilikuwa zimekwisha geuzwa zoni, na wakubwa wake wakaitwa makomiseri. Siku ya salongo kila mutu alitoka: mwalimu, karani, muuza butiki, mama wa soko. Sisi tulikuwa wanafunzi. Tulipeleka fagio na kupekupe, tukakata majani pembeni ya barabara, tukaimba nyimbo za Chama. Kusema kweli tulifurahi, maana siku hiyo hapakuwa hesabu.

Baba zetu hawakufurahi vile. Wao walikumbuka kazi ya leta ya wakati wa Wabelgiji, zile siku 60 kwa mwaka ambazo mwanakijiji alitakiwa kulima mashamba ya lazima au kufungua barabara. Walipoitwa kwa filimbi tena, walisema polepole nyumbani: «Bazungu banarudia, lakini sasa ni beusi.» Tunaliandika hapa neno hilo kama tulivyolisikia, kwa sababu linaeleza mengi. Kazi ya kusaidiana ilikuwepo siku zote milimani kwetu. Jirani alijengewa nyumba, alilimiwa shamba, alibebewa mgonjwa katika kipoyi, na kasiksi ikanywewa. Lakini kazi hiyo uliitwa na jirani, si na askari. Salongo ilichukua sura ya jirani na sauti ya askari. Ndiyo sababu watu waliitii kwa muda walipotazamwa, wakaiacha mara tu waliokuwa wakitazama walipochoka.

Na walichoka. Kufika miaka ya 1990 leta haikulipa tena watu wake. Kisha, katika Julai na Agosti 1994, wakimbizi wa Rwanda walivuka Ruzizi kwa maelfu kwa maelfu, wakalala katika viwanja vya masomo, makanisa na pembeni ya barabara. Mwishoni mwa Oktoba 1996 muji ulishikwa na AFDL. Mwaka 1998 vita ya pili ilianza, na vijiji vya Walungu, Kabare, Shabunda na Mwenga vikateremka kuja kutafuta usalama Bukavu. Juni 2004 muji wenyewe ulishikwa tena kwa siku kadhaa. Kila mara watu waliongezeka, na ardhi haikuongezeka. Walipanda milima ya Cimpunda na Nkafu, waliteremka mabonde ya Nyakaliba, walijenga hata ukingoni mwa Kawa. Muji uliopangwa kwa ajili ya Wazungu wachache na vibarua wao leo unakadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja.

Tufikiri basi juu ya mama aliyekuja kutoka Walungu mwaka 1999. Kwao alifagia akapeleka chini ya migomba. Hapa anakaa katika parseli ya metre kumi kwa kumi pamoja na familia tatu, na mugomba hakuna. Anafagia kama alivyofundishwa. Halafu? Mmoja tuliyemuuliza, muuza sambaza huko Kadutu, alitujibu kwa swali: «Bananiambia nisitupe mu mutaro. Sawa. Sasa nitupe wapi? Nikule?» Yeye alikuwa amekwisha kulipa amande mara mbili kwa sababu ya majani na masashe yaliyokutwa mbele ya meza yake. Mara ya pili hakupewa hata karatasi.

Jambo hilo la karatasi tusilipite haraka. Wengi wetu tumesimamishwa Jumamosi asubuhi na kijana mwenye kofia ya kazi akituuliza salongo tumeifanyia wapi. Ukitoa franka kidogo, salongo yako imekwisha. Hakuna kifagio kilichoshikwa, hakuna kiti cha komini kilichopata kitu, na mutaro uko vilevile. Amande ya namna hiyo inamfundisha mutu jambo moja tu, kwamba uchafu una bei, na bei yenyewe inapatanwa.

Kwenye vitabu, sheria zetu ni nzuri kuliko tunavyofikiri. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mutu haki ya kukaa katika mazingira safi, na inamtaka ayalinde. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya muji, komini, sekta na shefferi inaweka kuzoa takataka na kuzibua mitaro kati ya kazi za baraza za mahali. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inasema waziwazi kwamba leta, provensi na hizo entité za chini ndizo zinazopaswa kuhakikisha takataka zinashughulikiwa vizuri. Usome mara mbili, ndugu msomaji. Kabla ya kumuuliza yule mama wa sambaza, sheria inauliza meya, burgumestre na gavana. Lakini baraza zenyewe zilizopewa kazi hiyo mwaka 2008 hazikuwepo. Kwa miaka mingi burgumestre aliteuliwa kutoka juu, na chini yake chefu wa kartie, chefu wa avenyu na nyumbakumi, watu ambao mara nyingi hawana mushahara wala bruweti. Wao walibaki na kazi ya kupiga filimbi.

Tarehe 30 Desemba 2017 waziri mkuu alitia sahihi dekreti namba 17/018, inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia masashe na vifuko vya plastike. Sisi tulisikia habari hiyo kwa radio, na kesho yake tulinunua chumvi katika sashe. Ng'ambo ya Ruzizi mambo yalikwenda vingine. Rwanda ilikataza mifuko hiyo kwa sheria ya mwaka 2008, na kila mama wa Bukavu anayevuka daraja kwenda Kamembe anajua kwamba mufuko wake utatazamwa mpakani. Wenzetu wana pia umuganda wao, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nao wazee wao wanakumbuka kwamba uliwahi kuwa kazi ya kulazimishwa, maana ulianzishwa kama amri ya leta mwaka 1974. Tukisimulia hayo, kuna wanaotuambia tunasifu majirani ambao wametuumiza. Tunasema tu kile ambacho macho yanaona kutoka upande huu wa daraja: kule, sheria ilipokataza mufuko, ilikuwepo karatasi ya kufungia nyama, na ilikuwepo gari.

Sasa turudi kwenye mto. Takataka za Kadutu zinaingia Kawa. Kawa inamwaga ziwani. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Ruzizi. Na mlangoni hapo, huko Mururu, upo mutambo wa umeme wa Ruzizi ya kwanza, ulioanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mayi yanafika yakibeba chupa, masashe, ndara na majani, na vyote vinakusanyika kwenye nondo zinazolinda mashine. Katika miaka hii ya 2020 picha zake zimezunguka dunia nzima: watu wamesimama juu ya plastike kana kwamba ni uwanja, wakiitoa kwa mikono na kwa reki, na mashine zikisimama. Sashe ambayo mtoto ameitupa Nyakaliba Jumatatu inaweza kurudi nyumbani kwake siku nyingine usiku, katika sura ya giza. Watu wanalaani kampuni ya umeme. Pengine ina makosa yake, lakini hilo la chupa ni letu.

Umeme ni shida ya wote. Mvua inachagua. Mutaro ukizibwa huko juu, mayi yanatafuta njia, na njia yanayoipata ni chumba cha mutu. Milima ya Kadutu ni ya udongo unaotembea. Wataalamu wa ardhi wanajua maporomoko ya Funu kwa miaka mingi. Mayi yakiingia ndani yake kwa sababu mutaro umejaa masashe, mulima unashuka haraka zaidi. Ukingoni mwa Kawa mafuriko yamekwisha chukua nyumba na watu. Baada ya kuzika, tunasikia maneno ya «kujenga ovyo» na ya kubomoa. Kati ya wanaobomolewa kuna wale walioonyesha karatasi ya kununua parseli yenye muhuri.

Kuna vijana wa muji ambao wamejaribu kufanya kazi ya mukokoteni ule wa Paris. Wanapita avenyu kwa avenyu, kila nyumba inatoa franka kwa mwezi kama likelemba, wanabeba magunia. Nyumba za Nguba na Muhumba zinalipa vizuri. Huko Cimpunda gari halipandi, na njia ni ngazi za udongo. Mutu anabeba gunia kichwani. Tumemwona mmoja wao usiku akimwaga magunia ya avenyu nzima palepale mtoni. Tulipomkemea alisema: «Papa, munanilipa nitoshe kwenu. Hamujaniambia nipeleke wapi.» Hatukuwa na jibu, na hatujalipata bado.

Tarehe 20 Desemba 2023, siku ileile ya kumchagua rais, tulipewa pia karatasi ya kuchagua washauri wa komini. Wengi hawakuielewa. Mara ya mwisho raia kupiga kura ya namna hiyo ilikuwa mwaka 1987, wakati wa Chama kimoja. Tulifikiri kwamba sasa, miaka 65 baada ya baba zetu wa 1958, kutakuwa tena na watu wa kuulizwa habari za mutaro kwa jina lao. Lakini katikati ya Februari 2025 wapiganaji wa AFC/M23 waliingia muji. Katika siku chache tu, kabla ya mwezi huo kwisha, watu waliitwa kutoka na fagio kusafisha barabara. Mzee mmoja wa Nyawera, aliyefagia kwa Wabelgiji akiwa mtoto, akafagia kwa Mobutu akiwa kijana, na kwa wote waliofuata, alichukua fagio lake mlangoni bila kuuliza nani ameita.

Tulifagia naye. Mutaro wa avenyu ulizibuliwa vizuri siku hiyo, tusikatae. Tulitoa matope meusi, masashe, kiatu kimoja, maganda ya muhogo, chupa nyingi, tukavirundika pembeni ya barabara, rundo baada ya rundo, kila moja karibu urefu wa mtoto wa miaka mitano. Saa nne watu walinawa mikono, wakarudi nyumbani. Mafungu yalibaki yakingoja gari. Februari kwetu ni wakati wa mvua. Saa tisa mawingu yalipanda kutoka upande wa Kabare, mvua ikanyesha saa nzima, na ilipokatika tulitoka kutazama. Barabara ilikuwa safi kabisa. Mutaro ulikuwa umejaa.